Miwani inayomnyima mtu mwili humpotosha umbali pia

Mtu anayevaa miwani ya uhalisia pepe kwa mara ya kwanza hufanya mambo mawili karibu kila mara. Kwanza hugeuza kichwa huku na huku aitazame dunia mpya aliyoingizwa. Kisha huinama na kujitafuta. Katika programu nyingi zilizoko sokoni hajioni. Mahali palipopaswa kuwa na tumbo, magoti na viatu pana sakafu tupu. Akibahatika huona viganja viwili vinavyoelea hewani, vimekatikia kwenye vifundo, vikimfuata kila anapopeleka rimoti.

Kwa kijana anayecheza mchezo wa kukata matunda kwa panga, hilo si neno. Lakini miwani hiyo hiyo sasa inafundishia wauguzi, madaktari wa upasuaji na mafundi, watu ambao kwao sentimita moja yaweza kuwa tofauti kati ya kushona na kukata. Na utafiti wa takriban miaka 20 katika maabara za Ujerumani, Marekani, Sweden na Hispania unaelekeza kwenye jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hulitaja kwa nadra: mwili anaopewa mtu ndani ya miwani, au anaonyimwa, hubadilisha jinsi anavyopima nafasi iliyo mbele yake. Kilicho karibu, kilicho mbali, kipana au chembamba, vyote huamuliwa kwa sehemu na mwili anaouona kuwa ni wake.

Afrika Mashariki na nchi jirani hazitengenezi miwani hii. Huipokea ikiwa imekamilika, pamoja na programu zake na miili iliyochorwa ndani yake. Ndiyo maana swali hili, ambalo kwa wengine ni la maabara, huku ni swali la ununuzi na la usalama wa mgonjwa.

Busia na Lusaka

Teknolojia hii si ngeni katika eneo hili. Katika Busia, upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, wauguzi na wakunga walishiriki katika utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani, uliofanyika pia Lagos, Nigeria. Walijifunza kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua, baadhi yao wakitumia programu ya simu pamoja na miwani. Katika kazi hiyo kuna kile ambacho wahudumu wa afya hukiita dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kwa barakoa na mfuko kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Barakoa lazima izibe pua na mdomo vizuri. Ikipwaya, hewa huvuja pembeni na mapafu hayapati kitu.

Huko Lusaka, Zambia, madaktari wanaojifunza upasuaji walifanyishwa mazoezi kwa miwani ya gharama nafuu ili wajue hatua za kuondoa mfuko wa uzazi kwa wagonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi. Sababu inaeleweka bila maelezo marefu. Madaktari bingwa ni wachache, wagonjwa ni wengi, na hakuna anayetaka mwanafunzi ajifunzie kwa mama aliyelala mezani.

Majaribio kama hayo hupima ujuzi na mpangilio wa hatua, na kwa lengo hilo miwani ina nafasi yake. Mtu anaweza kukariri hatua 10 za kazi hata bila kuona miguu yake. Tatizo huanza pale mafunzo yanapovuka mpangilio wa hatua na kuingia kwenye vipimo: kisu kishuke kina gani, barakoa ikae wapi, mkono unyooshwe kiasi gani kabla ya kugusa.

Mita kumi zinazokuwa saba

Njia ambayo watafiti huitumia kupima jambo hili ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mtu huonyeshwa alama sakafuni, kisha hufungwa macho na kuambiwa atembee hadi pale anapodhani alama ipo. Katika dunia ya kawaida watu hufanya vizuri. Hadi umbali wa mita 20 hivi, wengi hufika karibu sana na alama yenyewe.

Ndani ya miwani mambo hubadilika. Watu husimama mapema. Mwaka 2013 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia na kukuta kwamba kwa wastani watu waliukadiria umbali kuwa asilimia 74 ya umbali uliochorwa. Kwa maneno mengine, kitu kilichowekwa mita 10 mbele huonekana kana kwamba kipo mita saba na kidogo.

Sababu zilizotafutwa kwanza zilikuwa za kifaa: uzito wake kichwani, upeo mdogo wa macho, ubora hafifu wa picha. Zote zina mchango, na vifaa vya miaka ya karibuni vimepunguza kosa hilo bila kulimaliza. Lakini mwaka 2006 kundi la Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani lilipata matokeo yaliyovuruga maelezo hayo. Walichora ndani ya miwani chumba kile kile ambacho washiriki walikuwa wamesimama ndani yake, wakahakikisha kwamba wanajua ni hicho hicho. Kosa la umbali karibu likatoweka. Miwani ilikuwa ile ile, lenzi zile zile, uzito ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mtu sasa alikuwa na kitu cha kuaminia.

Kutoka hapo swali la mwili lilifuata lenyewe. Kama chumba kinachojulikana kinaweza kumrudishia mtu kipimo chake, je, kitu anachokijua kuliko chumba chochote?

Shibiri, mkono na pima

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana kwamba mwili ni rula. Lugha imehifadhi vipimo vyake: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima, yaani urefu wa mtu aliyenyoosha mikono yote miwili. Mita na sentimita zimeshika sheria na risiti, lakini fundi anayekagua ukuta bado hutembea hatua, na mama anayenunua kitambaa bado hukivuta kutoka ncha ya pua hadi vidoleni kabla hajalipa. Kipimo cha namna hii kina kasoro inayojulikana. Muuzaji mwenye mkono mfupi humpunja mteja hata kama hana nia hiyo.

Ubongo hufanya kazi kama huyo muuzaji. Hautumii mita. Hutumia urefu wa jicho kutoka ardhini, upana wa kiganja, urefu wa hatua na upeo wa mkono. Rula hiyo ikiondolewa, hubahatisha. Ikibadilishwa kimyakimya, huendelea kupima kwa rula mpya bila kumwambia mwenyewe.

Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Utah, walichapisha jaribio lililoshika sehemu ya kwanza ya hoja hiyo. Washiriki wengine walipewa mwili pepe unaosogea sawasawa na wao: wakiinua mkono, nao unainua; wakipiga hatua, nao unapiga. Wengine hawakupewa mwili wowote. Baada ya kutazama eneo la karibu nao wakiwa na mwili huo, waliopewa walikadiria umbali wa mita 4 hadi 6 kwa usahihi zaidi kuliko wasiopewa. Hata mwili uliosimama kama sanamu, bila kusogea, ulisaidia, ingawa kwa kiasi kidogo.

Jambo la kuangalia hapo ni kwamba alama sakafuni haikubadilika wala mwanga haukuongezwa. Mtu alirudishiwa tu kiwiliwili chake, akapima vizuri zaidi.

Mwanasesere wa Stockholm

Sehemu ya pili ya hoja, kwamba rula ikibadilishwa dunia nayo hubadilika, ilipata ushahidi wake mkubwa mwaka 2011 katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm. Msingi wake ni jaribio la mwaka 1998 la Matthew Botvinick na Jonathan Cohen. Hao walimkalisha mtu, wakauficha mkono wake halisi nyuma ya kizuizi, wakaweka mbele yake mkono wa mpira, kisha wakaisugua mikono yote miwili kwa brashi kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi mtu alianza kuhisi kwamba mkono wa mpira ni wake. Ni kiinimacho, na anayefanyiwa anajua kuwa ni kiinimacho, lakini kujua hakukiondoi.

Kundi la Stockholm, likiongozwa na Björn van der Hoort na Henrik Ehrsson, lilikipanua kiinimacho hicho hadi mwili mzima. Mshiriki alilala chali akiwa na miwani. Miwani ilimwonyesha picha kutoka kwa kamera zilizowekwa mahali pa kichwa cha mwanasesere, zikitazama miguu yake. Mtafiti alimgusa mshiriki na mwanasesere mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Miili iliyotumika ilianzia mwanasesere wa sentimita 30 hadi umbo la mita 4.

Waliojihisi kuwa na mwili mdogo waliona vitu kuwa vikubwa na vilivyo mbali zaidi. Waliojihisi majitu waliona vitu vile vile kuwa vidogo na vya karibu. Haikuwa suala la maneno tu. Walipoambiwa wafumbe macho na kutembea hadi kwenye kitu, miguu yao ilifuata kosa hilo hilo.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote katika jaribio hilo ni mdogo kwa sura. Mtafiti alipomgusa mshiriki na mwanasesere kwa nyakati tofauti, kiinimacho kilidhoofika, na kosa la vipimo likadhoofika nalo. Picha iliyofika machoni ilikuwa ile ile katika hali zote mbili. Kwa hiyo kilichobadilisha ukubwa wa dunia hakikuwa picha. Kilikuwa jibu la ubongo kwa swali la mwili huu ni wa nani.

Miaka miwili baadaye, mjini Barcelona, Domna Banakou, Raphaela Groten na Mel Slater waliwaweka watu wazima ndani ya mwili pepe wa mtoto wa miaka minne, na wengine ndani ya mwili wa mtu mzima uliopunguzwa hadi kimo kile kile cha mtoto. Makundi yote mawili yaliona vitu kuwa vikubwa kuliko vilivyo. Hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa ni kwamba waliovaa mwili wa mtoto walizidisha zaidi kuliko waliovaa mwili wa mtu mzima aliyefupishwa. Kimo kilikuwa kimoja, macho yalikuwa kwenye urefu mmoja, lakini kuwa mtoto kuliikuza dunia kuliko kuwa mfupi. Mwili, kwa hiyo, si rula ya mbao tu. Unakuja na kumbukumbu zake na maana zake.

Kwa upande wa viungo, kundi la Tübingen lilionyesha mwaka huo huo wa 2013 kwamba kukuza au kupunguza mkono pepe kulibadilisha ukubwa wa vitu jinsi mtu anavyoviona: mkono ukiwa mkubwa, vitu hudogoka. Mwaka 2015 kundi la Utah lilifanya vivyo hivyo kwa miguu. Waliopewa nyayo ndogo waliona mtaro ulio mbele yao kuwa mpana zaidi, na wakakata tamaa mapema zaidi ya kuuruka.

Si kila jaribio linakubali

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapo, lakini taaluma hii ina ugomvi wake wa ndani. Mwaka 2011 kundi lililojumuisha baadhi ya watafiti wale wale wa Tübingen lilirudia swali la umbali kwa namna nyingine na halikuona kwamba mwili pepe ulibadilisha makadirio hayo. Majaribio mengi pia hutumia watu wachache, kwa kawaida wanafunzi wa chuo kinachofanya utafiti, na huchukua dakika tu. Anayedai kwamba mwili pepe ni dawa ya kila kosa la umbali anakwenda mbele ya ushahidi.

Pia kuna hoja ya mazoea. Mtu akiruhusiwa kutembea na kushika vitu ndani ya miwani kwa muda, kosa lake hupungua, kwa kuwa kila hatua inamsahihisha. Wauzaji wa programu za mafunzo huipenda hoja hii, na si ya uongo.

Lakini ina upande wa pili. Tangu karne ya 19, mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kwamba mtu akivaa miwani ya prizimu inayosogeza picha pembeni, mwanzoni hukosea kushika vitu, kisha mkono hujirekebisha. Anapoivua, hukosea upande wa pili. Mwili uliojifunza kosa hulibeba nje ya chumba. Mwanafunzi wa udaktari anayezoea dunia iliyobanwa kwa saa nyingi, kisha akavua miwani na kuingia chumba cha upasuaji, anastahili kuulizwa swali hilo kabla hajapewa kisu. Na anayepaswa kulijibu si yeye. Ni aliyemuuzia chuo mafunzo.

Mikono ya nani

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la macho peke yake. Mwili pepe unachorwa na mtu, na mchoraji huanza na mwili anaoujua. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani waliwapa wanaume na wanawake mikono pepe ya aina mbalimbali. Wanawake waliopewa mikono ya kiume walihisi kwamba hawapo kikamilifu ndani ya dunia ile. Mkono ulisogea walipotaka usogee, lakini haukuwa wao.

Mtu akiyaweka matokeo hayo kando ya yale ya Tübingen kuhusu ukubwa wa mikono, picha inayopatikana haifurahishi. Katika zahanati za eneo hili, anayempokea mtoto mara nyingi ni mwanamke. Akipewa viganja vya mwanamume mkubwa, vyenye glavu za rangi ya kijivu, ajifunze kuziba pua na mdomo wa mtoto mchanga wa kilo tatu, anajifunza kwa rula isiyo yake. Hakuna sababu ya kudhani kwamba kila programu iko hivyo. Wala hakuna sababu ya kudhani kwamba haiko hivyo, mpaka mtu aulize.

Rangi nayo huingia, kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2013, Barcelona tena, washiriki Wazungu waliwekwa mbele ya ngoma ya djembe. Waliopewa mwili pepe wa mtu mweusi aliyevaa mavazi ya kawaida walipiga kwa mwendo mkubwa zaidi wa mwili kuliko waliopewa mwili wa Mzungu aliyevaa rasmi. Watafiti walilisoma hilo kama uthibitisho kwamba mwili huongoza tabia. Msomaji wa Kampala au Bujumbura anaweza kulisoma kwa namna ya ziada: mtu alivaa mwili wa Mwafrika na papo hapo akaanza kufanya kile alichodhani Waafrika hufanya. Kama mwili wenye suti na mwili wenye fulana huwafanya watu wale wale wapige ngoma tofauti, basi uchaguzi wa mwili gani uwekwe kwenye somo la upasuaji, uhandisi au uongozi si pambo.

Bei ya kiwiliwili

Kwa nini basi mwili mzima haupo? Jibu kubwa ni gharama. Kuufuata mwili wote wa mtu kunahitaji vitambuzi kwenye viungo vyake au kamera kadhaa kuzunguka chumba. Miwani ya kawaida ina kamera zake kichwani, na kutoka pale miguu haionekani vizuri. Kampuni ya Meta, iliyobadilisha jina kutoka Facebook mwaka 2021 kwa ajili ya biashara hii hii, kwa muda mrefu iliwaonyesha watumiaji wake kama viwiliwili vinavyoelea bila miguu. Oktoba 2022 Mark Zuckerberg alionyesha hadharani miguu mipya, ikapigiwa makofi. Baadaye kampuni ikaeleza kwamba onyesho lile lilitengenezwa kwa teknolojia ya kunasa mijongeo ya watu, siyo kile ambacho miwani ya mteja ingeweza kufanya siku ile. Miguu ilianza kuwafikia watumiaji mwaka 2023, mingi yake ikikisiwa na programu badala ya kupimwa.

Ukifika kwenye vifaa vya bei nafuu, pengo ni kubwa zaidi. Kifaa cha kuchomeka simu, cha aina iliyoenezwa na Google kuanzia mwaka 2014 kwa boksi la karatasi ngumu, hutambua kichwa kimegeukia wapi tu. Hakitambui kimesogea wapi. Mtu akiinama kumtazama mgonjwa kwa karibu, mgonjwa haji karibu. Anabaki palepale, kana kwamba amechorwa ukutani. Vifaa hivi ndivyo ambavyo bajeti ya chuo cha wilaya inaweza kuvimudu. Kwa hiyo wenye fedha kidogo ndio hupata dunia isiyo na mwili kabisa, na ndio wenye walimu wachache wa kusahihisha kosa baadaye.

Nafuu moja imeanza kujitokeza. Miwani mipya hutumia kamera zake kumwonyesha mtu mikono yake halisi na chumba chake, kisha kuchora vitu vya ziada juu ya picha hiyo. Muuguzi huona vidole vyake mwenyewe. Picha ya kamera nayo ina upotoshaji wake wa kina, lakini angalau mkono si wa mgeni.

Kuna anga, kuna tiba

Sekta moja ilishalitatua tatizo hili zamani, kwa gharama kubwa. Rubani anayefanya mazoezi kwenye mashine ya kuigiza ndege, kama zile za chuo cha Ethiopian Airlines mjini Addis Ababa, haingii katika dunia isiyo na mwili. Hukaa kwenye kiti halisi, hushika usukani halisi na huona mikono yake. Kinachoigizwa ni kile kilicho nje ya dirisha na mtikisiko wa ndege. Na saa anazotumia humo hazihesabiwi mpaka mamlaka ya anga iwe imeikagua mashine yenyewe na kuipa daraja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina chombo cha pamoja cha kusimamia usalama wa anga, CASSOA, chenye makao yake Entebbe, Uganda. Katika tiba, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoko Arusha, kimekuwa kikitoa mtihani mmoja kwa madaktari wa nchi zaidi ya 10, na mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya yamekuwa yakikagua vyuo vya tiba kwa pamoja. Yaani miundo ipo. Daktari aliyefuzu Kigali anaweza kuishia kufanya kazi Mwanza au Kisumu, na mgonjwa wa huko hana njia ya kujua kama mkono wake ulijifunzia kwenye meza halisi au kwenye picha.

Wakaguzi wanapofika chuoni huhesabu vitanda, maiti za kujifunzia, vitabu na walimu. Miwani ikianza kuwekwa kwenye orodha hiyo, haitatosha kuandika kwamba chuo kina miwani 20. Watahitaji kujua kama ndani yake mwanafunzi ana mwili, kama kimo cha macho yake kimewekwa sawa na kimo chake halisi, kama mikono anayopewa inalingana na yake, na kama inasogea naye bila kuchelewa. Watahitaji pia kujua kama muuzaji amewahi kupima kosa la umbali la kifaa chake kwa watu wanaofanana na watakaokitumia, wake kwa waume, warefu kwa wafupi.

Kipimo chenyewe hakisubiri maabara. Panahitajika ukumbi mtupu, utepe wa kupimia, kitambaa cha kufunga macho na alama iliyowekwa mita 5 mbele, mara moja sakafuni na mara moja ndani ya miwani. Wanafunzi 10 wa uuguzi wanaweza kukimaliza kabla ya chakula cha mchana, na mkuu wa chuo akapeleka majibu kwenye kikao cha manunuzi siku hiyo hiyo.